Mwaka Jeneza Lilipolala Chumbani Kwangu

Sanda haipatanwi bei. Nimeuza kamba wakavu na mikeka ya ukili pale sokoni Kibiti tangu soko halijaezekwa, na kila msichana anayekuja kujifunza kazi kwangu mimi humwambia hivyo siku ya kwanza: kila kitu kina bei mbili, ya kutajwa na ya kuuziwa, ila sanda, kwa kuwa anayeivaa hawezi kurudi dukani kulalamika. Asubuhi waliyomrudisha Shangazi Tatu kutoka hospitali ya Mchukwi, amefunikwa kanga kutoka uso mpaka miguu, nilikwenda dukani mwenyewe na nikapatana. Kijana alipima kitambaa kwa mkono wake. Nikapima tena kwa wangu, nikamwambia, “Mwanangu, mkono huu wa kupimia umeuazima kwa nani? Mbona mfupi?” Akaongeza bila kunitazama. Nikadai kafuri iwe nyongeza. Akatoa. Watu wawili nyuma yangu wakanong’onezana kwamba bibi huyu hana haya. Walisema kweli, lakini hawakujua kwamba muda wote niliokuwa napatana nilikuwa sijalia, na nilitaka muda huo urefuke kidogo.

Niliporudi nyumbani wanawake walikwisha kukaa uani, maji yako motoni kwenye sufuria kubwa, kuni zinafuka moshi kwa sababu mvua ilikuwa imezilowesha. Nyumba ni ya vyumba vitatu, karibu na barabara ya lami iendayo Lindi. Malori yakipita, vikombe hugongana kabatini. “Anaosha nani?” wakaniuliza. Nikasema tunamngoja mtu. “Nani tena?” Nikasema anatoka delta, na njia ya delta hufuata maji kujaa, haifuati haraka ya mtu. Wale wa umri wangu wakatazamana. Wadogo wakaendelea kuuliza, maana kwao delta ni mahali kamba wanakotoka, basi.

Sebuleni alikuwa amekaa mume wa Shangazi, kanzu nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Watoto wa mtaa humwita Mwenyekiti wakidhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Nilipompa chai akaniuliza, “Somoe, jeneza limepatikana?” Nikamwambia limeletwa kutoka msikitini, liko barazani. Akafikiri. “Nani katoa kibali?” Nilimtazama nione kama ni uzee au ni mzaha, nisiweze kujua. “Hakuna kibali, Baba,” nikamwambia. “Msikiti ulikuwa wazi.” Akatikisa kichwa kama mtu anayearifiwa kwamba hata hilo nalo limebadilika, na chai ikapoa mkononi mwake. Mimi nikatoka, nikasimama karibu na lile jeneza, na ule mwaka ukanijia wote kwa mkupuo, kama maji yanavyoingia mferejini mtu akiondoa udongo.

Ni mwaka mmoja tu nitakaousimulia. Nilizaliwa wapi na nililelewaje, kila mtu ana ya kwake na hayapishani sana. Inatosha kwamba nilikuwa msichana niliyekwisha kumaliza shule na bado sijaolewa, na Shangazi Tatu, dada wa baba yangu, akanichukua nimsaidie kazi kwenye kisiwa chao huko delta, mwendo mfupi wa boti kutoka Mbwera. Kisiwa chenyewe kilikuwa na pande mbili: Gatini, tulikokaa sisi, na Mikokoni, alikokaa dada yake, ambaye mimi nilimwita Shangazi Mkubwa. Katikati palikuwa na majaruba ya mpunga, na njia ya miguu juu ya tuta moja refu. Ukisimama Gatini ukaita kwa nguvu, Mikokoni walikusikia. Hiyo ndiyo nchi iliyogombewa mwaka ule.

Chama kikubwa kilikuwa kimekitawala kisiwa kile tangu watu walipoanza kulijua neno chama. Kisha vyama vikawa vingi, na ulipofika uchaguzi wa vijiji, mume wa Shangazi akasimama kwa tiketi ya chama kidogo ambacho makao yake makuu hakuna mmoja wetu aliyewahi kuyaona. Akashinda. Katika vijiji vyote vya delta chama chetu kilipata kimoja, na kilikuwa hicho. Nilimwita Baba mpaka siku ya matokeo. Kesho yake nikamwita Mwenyekiti, na Shangazi naye akamwita hivyo, jikoni na chumbani. “Mwenyekiti, maji ya kuoga tayari.” “Mwenyekiti, geuka, unakoroma.” Ukuta wa udongo hauna siri.

Katibu wake alikuwa Mshamu, fundi cherehani, mtu mwembamba mwenye redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Jioni moja, tunakula mihogo ya nazi, redio ile ilisimulia habari za kisiwa kimoja huko bahari ya Karibi. Kisiwa kidogo, si nchi kamili, kwa kuwa bado kina mkubwa wake ng’ambo. Lakini kina chama kinachokitawala, na mkuu wa chama ndiye mkuu wa kisiwa. Mshamu aliacha kutafuna. “Mwenyekiti,” akasema, “wale ni wachache kuliko watu wa Ikwiriri. Jeshi hawana. Na wanatawala.”

“Wanatawala nini?” Shangazi akauliza kutoka mlangoni, sinia mkononi.

Mshamu akafikiri. “Bandari,” akasema. “Posta. Vitu vya serikali. Shemeji, anayeshika vitu ndiye serikali.”

Kuanzia jioni ile watu wale wakawa ndugu zetu. Likitokea neno gumu, Mshamu aliuliza, “Wenzetu wa Karibi wangefanyaje?” na kwa kuwa hakuna aliyejua, jibu likawa lolote alilolitaka. Shida ilikuwa vitu. Bandari tulikuwa nayo, magogo manne na ubao. Posta hatukuwa nayo. Ofisi ya kijiji chama kikubwa kiliifunga kwa kufuli, wakisema waliijenga wao, bati zao, rangi yao. Basi Mwenyekiti akatawala kutoka sebuleni kwake, kwenye kiti cha mikono chenye mguu mmoja uliofungwa waya, na mali ya kijiji ikahamishiwa humo: masufuria makubwa ya shughuli yaliyonunuliwa kwa michango ya watu wote, majamvi, maturubai mawili, miiko mirefu kama makasia. Kazi ya kuyahesabu nilipewa mimi. Niliyahesabu yakitoka na nikayahesabu yakirudi, na kwa kuwa nilikuwa simwamini mtu nilirudia. Tabia hiyo nimekuja nayo mpaka sokoni, na imenilisha. Mwisho wakalileta jeneza. Lilikuwa likikaa msikitini, lakini imamu alikuwa mtu wa chama kikubwa, na Mshamu akatoa hoja kwamba mbao zake zilikatwa na wanakijiji kwenye mikoko ya kijiji. Sebule ilikuwa imejaa. Likawekwa chumbani kwangu.

Chumba hicho naweza kukichora hata leo. Kitanda cha kamba, dirisha la ukubwa wa sahani, sanduku langu la bati, na upande wa pili jeneza limesimamishwa ukutani, miguu yake minne ikinielekea kama mbuzi aliyekataa kulala. Siku za kwanza nililala nimegeukia mlango. Shangazi akaja akalifunika kwa kanga yake ya zamani, akasema, “Ubao tu huu, mwanangu. Umebeba wengi, haujamla hata mmoja.” Nikalizoea. Kufika kipindi cha kupalilia nikawa natundika taulo juu yake, na Shangazi akikosa nafasi uani alianikia humo vitambaa vyake vya jikoni.

Azimio la tawi lilikuwa fupi. Anayetaka kuazima mali ya kijiji aje sebuleni, akae kwenye mkeka, amsalimu Mwenyekiti kwa cheo chake, anywe kahawa, achukue kitu chake aende. “Hatutaki rushwa, hatutaki wabadili kadi,” Mwenyekiti alisema, na mimi niliyekuwa nyuma ya pazia nashuhudia kwamba alisema kwa upole. “Watamke tu kwamba wanajua nani kashinda.” Na mpaka watakapotamka, mtu wetu asiingie nyumba yenye bendera yao, kwa arusi wala kwa matanga. Mikokoni, waliobaki na chama kikubwa, walijibu kwa kupika arusi ya kwanza ya msimu katika masufuria ya kuazima Mbwera, yakaja na boti, yakapita mbele ya gati letu yakimetameta. Mshamu aliyatazama mpaka yakapotea. “Nayo ni kutamka,” akasema, lakini bila nguvu.

Bakuli ndilo lililoniuma mimi. Kabla ya uchaguzi kulikuwa na bakuli la maua ya buluu lililosafiri juu ya lile tuta kila adhuhuri, limefunikwa kawa: leo linatoka kwa Shangazi Tatu na kamba wa nazi, kesho linarudi kutoka kwa dada yake na wali, au bada ya muhogo na mchuzi wa kambare. Matokeo ya uchaguzi yalilikuta kwetu. Likabaki. Shangazi hakuacha kupakua. Alipika, akatupakulia sisi, akajaza bakuli la dada yake, akalifunika kawa, akaliweka kwenye kigoda karibu na mlango wa uani na kukaa nalo kidogo. Kisha akafunua, akarudisha chakula chunguni kwa mwiko, akaosha bakuli. Hakuna aliyemkataza kupakua, maana azimio halikutaja mabakuli. Alinisimulia siku moja, anachambua mchele bila kuinua uso, kwamba yeye na dada yake walimwosha mama yao pamoja, na walipomaliza, wakiwa bado wamelowa mikono, waliahidiana: atakayetangulia, aliyebaki atamwosha. “Mkono wa mgeni usimguse,” alisema. “Basi hilo tu. Mengine ya dunia sikumuahidi mtu.”

Mpunga ulipoanza kuzaa nilikuwa nashinda shambani naamia ndege, juu ya dungu la nguzo nne, debe bovu mkononi. Jaruba la pili lilikuwa la Mikokoni, na juu ya dungu lake alikaa binti wa Shangazi Mkubwa, dada Zaituni, naye na debe lake. Huko hakukuwa na azimio. Ndege hawana kadi. Tulipokezana kupiga, mmoja apumzike. Siku moja hakupiga. Nikamwita. Akasema, bila kupaza sauti, maana upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu, “Mwambie mama mdogo, mama hasimami tena. Anashikwa mikono.” Nikamwuliza kama amepelekwa hospitali. “Amekataa boti. Anasema akienda Mchukwi atafia kwa watu asiowajua. Anamtaka mdogo wake.”

Nilifikisha. Jioni ile, baada ya magharibi, niliwasikia ukutani. Shangazi alisema, “Mwenyekiti, naomba nikamwone dada.” Akasema, “Kakukataza nani? Waje watamke, nitakupeleka mimi mwenyewe, nakushika mkono mbele ya watu.” “Mgonjwa atatamkaje?” “Ana watoto wakubwa. Ana mkwe.” “Na wasipokuja?” Nikasikia kiti kinalia. “Watakuja, Tatu. Jeneza liko kwetu. Hakuna mtu anayeweza kukaa bila kuja.” Hakusema kwa ukatili. Nimelipima neno hili mara nyingi, na kila nikilipima uzito ni uleule: alisema kama mtu anayemtuliza mkewe. Alikuwa anaamini kweli kwamba kifo kitakuja kumsaidia kutawala, kwamba siku hiyo watu wa Mikokoni watavua viatu sebuleni kwake, naye atasimama, atawakumbatia, atabeba mbele, na kisiwa kitakuwa kimoja tena chini ya mkono wake. Shangazi angeweza kwenda. Tuta lilikuwa pale, miguu yake mizima. Miaka yote niliyoishi naye baadaye hakuwahi kusema kwamba alizuiwa. Alisema, “Sikwenda.”

Kilio tulikisikia asubuhi, tunakunywa uji. Sauti moja kwanza, halafu nyingi. Hatukuhitaji kuambiwa. Shangazi aliweka kata chini, akakaa palepale jikoni juu ya kinu kilicholala. Mwenyekiti akaingia chumbani akavaa kanzu, akavaa kofia, akatoka akanisimamia nifagie sebule na kutandika mkeka mpya. “Tatu,” akaita, “tia kahawa motoni. Wageni watakuja.” Akatia. Mshamu akakaa mlangoni, redio amezima kwa heshima. Tukangoja. Jua likapanda juu ya paa la jirani. Kahawa ikapoa, Shangazi akairudisha motoni. Ikapoa tena, akairudisha tena. Hakuna aliyekuja. Baadaye ikasikika boti ya mashine inaleta watu wa Mbwera mazikoni, na Mwenyekiti akainuka. “Hao wana akili,” akasema. “Nitaongea nao, wawe kati yetu.” Akaondoka na Mshamu kwenda gatini.

Shangazi alisubiri mpaka nyayo zao zikaisha. Akaingia chumbani kwangu, akaliondoa taulo langu juu ya jeneza, akalikunja vizuri, akaliweka kitandani. “Shika miguuni,” akaniambia. Mlango wa uani ulikuwa mwembamba, tukaliinamisha upande kama watu wanaotoa kitanda chenye kunguni. Nje akalitandika kitambaa cha kijani kilicholetwa nalo kutoka msikitini, akachukua ndoo na kopo la kuoshea, akavitia ndani, akasema bismillahi, tukaliinua vichwani. Jeneza la wanawake wawili halikuwahi kuonekana kisiwani pale. Wanawake hawafuati maiti, sembuse kubeba. Na njia ya kwenda Mikokoni ilipita mbele ya gati. Hapakuwa na nyingine.

Sasa, watu wa kule wana jambo moja ambalo hakuna tawi lililowahi kulipigia kura. Jeneza likipita, mwanamume husimama. Akiwa anakula, huacha. Akiwa na jembe, hulitupa. Huja mbio, huingiza bega lake chini, hubeba hatua kadhaa, mwingine humpokea. Huulizi kwanza ni nani. Unabeba, ndiyo unauliza. Tulikuwa hatujafika mbali walipotuona vijana wawili waliokuwa wanaziba nyufa za mtumbwi, fulana za chama chetu mwilini. Walituangalia kama walioona nguruwe anasoma. Kisha aibu ikawashika, wakaja wakatunyang’anya. “Mama, wanaume wamekufa wote?” mmoja akasema. Wakatokea wengine. Tulipokaribia gati walikuwa wanane, wanabeba na kupokezana, wanatamka shahada, na hakuna aliyepata jibu kwa swali lake, maana sisi tulikuwa nyuma tumeinamisha vichwa.

Mwenyekiti alikuwa kwenye benchi la muuza kahawa, kikombe mkononi, anazungumza na watu wa Mbwera. Aliliona jeneza. Akaweka kikombe, akasimama, akaja mbio nyepesi za mtu mzima mwenye kanzu, akaingiza bega mbele kulia. “La ilaha illa Llah,” akasema, na sauti yake ilikuwa nzuri, ilikuwa sauti bora kisiwani. Alienda nalo hatua chache. Halafu nikaona shingo yake inageuka. Jeneza lenye mtu lina uzito wake, kila aliyewahi kubeba anaujua, na hili lilikuwa halina. Ndani ndoo ikagonga ubao. Akatazama nyuma akamwona mkewe.

“Tatu. Humu ndani yuko nani?”

“Hamna mtu,” Shangazi akasema. “Mwenyewe ndiye tunayemfuata.”

Akaachia. Sijui kama alikusudia. Bega lilitoka tu, kama mtu aliyeungua. Kona ya mbele ikashuka, kitambaa kikateleza, ndoo ikaanguka na kubiringika mpaka miguuni mwa watu wa Mbwera, na wote wakaziona mbao tupu. Wawili wa nyuma yake nao wakaachia. Waliobaki wakalishusha chini, palepale njiani. “Rudisha mali ya kijiji,” Mwenyekiti akasema, polepole. Shangazi akaenda akaiokota ndoo. Mshamu ndiye aliyesema, mtu wa wenzetu wa Karibi: “Mwenyekiti, jeneza haliachiwi njiani.” “Ni tupu, Mshamu.” “Hata tupu.” Wakabishana. Mmoja akasema azimio, mwingine akasema dini, mzee wa Mbwera akauliza azimio ni nini. Maneno yalichukua muda, na jua halikungoja. Mwishowe Mshamu akainama akashika kona iliyoachwa, na vijana wawili wa mtumbwi, na mzee mmoja wa Mbwera. Wanne. Wengine walibaki wamesimama na Mwenyekiti, na hakuna kati yao aliyejua aweke wapi mikono.

Tulikutana na watu wa Mikokoni katikati ya tuta, wanakwenda makaburini upande wa Gatini. Tuliona kwanza kofia, halafu mtumbwi. Walikuwa wameupeleka mtumbwi mdogo wa kuvulia uani kwao, wameukausha, wametandika mkeka, na Shangazi Mkubwa alikuwa amelala humo, amekwisha kuoshwa, amekwisha kuvikwa, juu ya mabega ya watu sita, anaelea juu ya mpunga. Tuta lilikuwa la watu wawili kupishana kwa ubavu. Jeneza tupu kwa mtumbwi uliojaa havipishani. Mshamu akashuka majarubani, jeneza likashuka naye, tukashuka wote, matope mpaka magotini, mpunga wenyewe ukiwa umeinama kwa kuzaa, na wao wakapita juu yetu. Shangazi alisimama na ndoo yake. Mtumbwi ulipokuwa usawa wake aliinua mkono wa kulia, kiasi cha kugusa ubao wa chini. Ubao tu.

Alikwenda mpaka Mikokoni hivyohivyo na matope. Bendera yao ilikuwa nusu mlingoti na Shangazi hakuitazama. Dada Zaituni alikuwa uani na wanawake, kanga kiunoni bado imelowa. Hakunyanyuka. “Alikungoja, mama mdogo,” akasema. “Mama alisema asiguswe na mkono wa mgeni. Tulipasha maji yakapoa. Tukapasha tena, yakapoa. Mpaka adhuhuri. Mwenyewe nilikuwa sijajua kuosha, ndipo tukamwita mwosha kutoka ng’ambo.” Akaitazama ndoo. “Hiyo rudi nayo.” Akageuka akatupa mgongo, na mgongo ule ndio nilioukumbuka kila nilipomkumbuka. Mimi nilikuwa nafikiria kahawa. Huku kahawa, huku maji, vinapoa na kurudi motoni, kila upande unamngoja mwenzake aje, na katikati tuta moja.

Jeneza lilibaki majarubani. Hakuna aliyeagizwa kulifuata na hakuna aliyejituma. Mvua ikalinyeshea, ndege wakatua juu yake, nikalipigia debe kutoka dunguni. Baada ya mavuno likaonekana msikitini, limekwanguliwa matope, na hakuna aliyeuliza. Masufuria nayo yakatoka sebuleni mojamoja bila kahawa wala mkeka, na mimi nikaacha kuyahesabu. Uchaguzi uliofuata chama kidogo hakikusimamisha mtu. Mshamu alihamia Ngorongo kwa mkwewe. Nilikutana naye mara moja, sokoni, ananunua uzi. Nikamwuliza wenzetu wa Karibi wanaendeleaje, wanatawala bado? Alicheka kidogo, akasema redio ilikufa kabla hajajua. Shangazi na mumewe walihamia hapa Kibiti. Hakumwacha. Alimpikia, akampakulia, akamwuguza malaria zake zote. Lakini neno Mwenyekiti halikutoka tena kinywani mwake. Alimwita “wewe bwana,” kwa sauti ya kawaida kabisa, na lile bakuli la maua ya buluu alilipanga kabatini pamoja na vikombe, na likawa halitiwi kitu.

Dada Zaituni alifika wakati jua limeanza kuchoma baraza. Alishuka kwenye bodaboda, mzito sasa, kilemba cha mtandio, viatu mkononi kwa sababu matope ya gati yalikuwa bado miguuni mwake. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nilikuwa nimeyapanga kama bidhaa, la kwanza kutoa na la mwisho kubakiza. Akanipita na salamu fupi, akaingia uani, akachungulia sufuria. “Maji mmepasha?”

“Mara moja,” nikasema. “Yalianza kupoa, tukaongeza kuni.”

“Basi tusiyaache yapoe tena.” Akafunga kanga kiunoni, akaingia. Mimi nilimshikia kopo. Alimwosha polepole, kila kiungo kwa haki yake, na hakusema kitu ila mara moja tu, alipofika kwenye mkono wa kulia. Aliushika muda mrefu kuliko inavyopasa, akaosha kiganja, akakiosha tena. Sikumwuliza kama amesamehe. Kuna vitu havina bei ya kutajwa, na ukimlazimisha mtu ataje, utajuta kuisikia.

Wanaume walipokuja kuchukua jeneza, mzee aliinuka kwenye kiti. Alinipa fimbo yake kama mtu anayeacha kitu mapokezi. Vijana walijaribu kumzuia, “Babu, wewe fuata tu, sisi tupo,” akawasogeza kwa mkono, akaingiza bega mbele kulia. Alikuwa mfupi kuliko wenzake na mgongo umepinda, jeneza likalala upande wake, ikabidi wengine wapinde magoti ili liwe sawa. Wakatoka. Sisi wanawake tulibaki barazani. Kijana wa kwanza akaja kumpokea, akamgusa begani, mzee akatikisa kichwa. Akaja wa pili. Wa tatu ni yule wa duka la sanda, nikamtambua. Naye akarudi nyuma mikono mitupu. Wale wengine wote walikuwa wamepokewa na kupokewa tena, ila kona ile. Walienda kwa mwendo wake, na mwendo wake ulikuwa mdogo. Barabarani lori la Lindi likasimama, na nyuma yake lingine, na hakuna aliyepiga honi.

Dada Zaituni alikuwa amesimama kando yangu, mikono bado inanuka kafuri.

“Leo lina mtu,” akasema.

Nilikuwa nimeshika fimbo ya mzee, naangalia kile kipande cha kanzu nyeupe chini ya kona ya mbele, kinavyokaza, kinavyokwenda, mpaka wakakunja nyuma ya mashine ya kusaga na nisiwaone tena.